Mizani Ilisoma Sifuri

Ijumaa, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, lori lenye magunia mia tatu ya mahindi lilifika kwenye mizani ya ghala la nafaka. Mwanamke aliyekaa nyuma ya dirisha alisema "Panda" kwenye kipaza sauti. Lori likapanda juu ya bamba la chuma. Akasema "Simama," akaandika tani arobaini na moja na kilo mia mbili na ishirini, kisha akasema "Shuka." Hayo ndiyo maneno matatu ya kazi yake. Alikuwa ameyasema kwa miaka kumi na mitatu, mara mia na ushee kwa siku, hata madereva wakaacha kuuliza jina lake na kumwita Pandashuka. Mdogo wake, waliyelala naye chumba kimoja, alimsikia mara nyingi akiyasema usingizini kwa mpangilio uleule, bila kukosea.

Dereva wa lori hilo alidondosha kibali chake cha kupakua, upepo ukakisukuma mpaka katikati ya bamba. Pandashuka akatoka ofisini, akatembea juu ya bamba, akainama, akakiokota. Alipoinuka alitazamana na ubao wa namba ulioelekezwa kwa madereva. Ulisoma sifuri.

Mizani ile husoma kwa hatua za kilo ishirini. Mwaka alioajiriwa, fundi wa mitambo alimsimamisha palepale ili aijaribu, nayo ikasoma sitini. Sasa akapiga mguu chini mara mbili. Sifuri ikabaki sifuri.

"Dada, imeharibika?" dereva aliuliza.

"Hapana," alisema, akampa kibali chake. "Inasoma vizuri."

Wakati wa mapumziko alikwenda stoo, akapanda kwenye mizani ndogo ya magunia. Mtunza stoo, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alilisogeza jiwe la mizani taratibu mpaka mkono wa mizani ukatulia.

"Kilo tatu na robo," alisema. "Umejitahidi sana, binti. Aliyekalia kiti chako kabla yako alifika hapo mwaka wa saba."

Pandashuka hakuwa amekonda. Gauni lake lilikuwa lilelile la mwaka jana, na mikono ilimjaa vizuri. Uzito tu ndio uliokuwa umekwenda. Alikumbuka kwamba siku hizi kitanda hakilii anapogeuka, na kwamba paka wa jirani alipita mgongoni mwake juzi akamyumbisha. Mtunza stoo alifungua kabati, akatoa mkanda wa turubai wenye mifuko kumi na miwili, kila mfuko umeshonewa kipande cha chuma. Ulikuwa na namba arobaini na sita na muhuri wa ghala.

"Huu ni mali ya ofisi," alisema. "Unaufunga juu ya nyonga, chini ya nguo. Tia sahihi hapa."

Ndipo Pandashuka alipoelewa kwa nini watu wote wa ofisini walikuwa na nyonga nene na mwendo wa pole. Siku zote alidhani ni shibe.

Alikwenda zahanati ili asije kulaumiwa na mama yake kwamba amejipuuza. Daktari alimtazama macho na ulimi, akauliza anafanya kazi wapi. "Mizani, kule ghalani." Daktari akaandika kwenye kadi kwamba tatizo ni la kikazi, akamshauri asitoke bila mkanda siku za upepo. Foleni ilikuwa ndefu, akamwita anayefuata.

Mkanda ulimrudisha chini, lakini ulikuwa mzito kwa namna isiyo ya mwili. Mwili hubeba uzito wake kila mahali. Mkanda uliubeba mahali pamoja. Baada ya wiki tatu miguu ya kiti chake ilitoboa sakafu kuukuu ya ofisi ya mizani, kwanza mmoja, kisha wa pili. Meneja akaita fundi.

Fundi aliyekuja alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, amefunga vipande vya tairi magotini, na watu walimwita Fundi Magoti. Alivunja sakafu yote, akamwaga zege jipya, akaanza kulisawazisha kwa ubao na mwiko. Alifanya kazi siku tatu. Siku ya kwanza Pandashuka, kiti chake kimewekwa mlangoni, alimtazama kwa pembe ya jicho. Siku ya pili aligeuza kiti kabisa, na malori mawili yakapita bila kuandikwa, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

"Unanitazama mimi au unatazama mwiko?" Fundi Magoti aliuliza bila kuinua kichwa.

"Mwiko."

"Basi shika."

Alipiga magoti, akaushika. Alivuta kuelekea kwake, polepole, kama alivyomwona mzee akivuta, na saruji ikalala nyuma ya mkono wake ikiwa laini na yenye kung'aa. Huko nje lori lilikuwa likipiga honi. Fundi Magoti aliweka pimamaji juu ya kipande alichokilainisha, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa. Kipovu kikatulia katikati.

"Nani kakufundisha?"

"Hakuna."

"Mkono wako haukimbii," mzee alisema. "Nimefundisha wanangu wanne, wote mikono inakimbia kama imeiba. Jumapili nina kazi kwenye nyumba ya mwalimu. Njoo kama hutaogopa magoti kuchubuka."

Alikwenda Jumapili hiyo, na iliyofuata, na zilizofuata. Alijifunza kuchuja mchanga, kupima maji kwa kuyasikiliza yanavyozama, kupiga niru, ule uji wa saruji wa kung'arisha, wakati sakafu imekauka kidogo lakini bado inakubali kuambiwa. Alirudi nyumbani na kucha za kijivu, anacheka peke yake. Mdogo wake, ambaye nyumbani walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa, alimwambia, "Dada, ama umepata mchumba ama umepata kichaa." Pandashuka akamwonyesha mikono yake. Kitinda akaishika, akainusa, akasema si mchumba.

Kila Jumatatu asubuhi mtunza stoo alimpima. Jumapili moja ya kazi ya sakafu ilimrudishia gramu mia. Siku tano za mizani sasa zilimchukulia gramu mia tatu. Ilikuwa hesabu rahisi, na haikuhitaji kuandikwa. Mwezi wa nne tangu aanze kupimwa, mkono wa mizani ya magunia ulikataa kushuka hata kidogo. Mwezi wa tano, akivua mkanda ili aoge, aliinuka kutoka kwenye sakafu ya bafu taratibu, maji yakimdondoka kisiginoni. Tangu siku hiyo alioga ameshika bomba kwa mkono mmoja.

Mwezi huohuo karani wa vibali alistaafu. Alikuwa mtu mpole, aliyekaa chumba cha pili kwa miaka ishirini na minane akigonga muhuri mmoja. Walimuaga kwenye chumba cha mkutano. Meneja akasoma hotuba, watu wakanywa soda, akapewa cheti kilichotiwa kwenye fremu. Saa tisa alifika langoni, askari akapokea mkanda wake namba tisa, akaukagua mifuko yote kumi na miwili, akamwambia nenda salama. Karani wa vibali akaenda. Alipanda wima, akiwa ameshika cheti chake kifuani, akapita usawa wa paa, akapita usawa wa tangi la maji, na hapo upepo ukamgeuza kuelekea upande wa vilima. Mke wake, aliyekuwa akimngoja nje na mwavuli, alimpungia mpaka akawa nukta, kisha akafunga mwavuli akaondoka. Pandashuka aliyaona yote kupitia dirishani. Lori lilikuwa likisogea mbele bila kuruhusiwa, akaliambia, "Simama."

Keshoye ubaoni kulibandikwa tangazo. Lilisema kwamba wastaafu wanaombwa kurudisha mikanda yao kabla ya saa sita mchana, wakati ambapo malori huwa machache, ili kuepusha msongamano wa watu wanaotazama juu.

Pandashuka alilisoma mara mbili. Jioni hiyo aliandika barua ya kuacha kazi.

Mama yake aliposikia aliweka chini kikombe. Alikuwa mwanamke aliyefua nguo za watu maisha yake yote, na kitu kimoja alichojivunia mbele ya majirani ni kwamba binti yake ana kazi ya kukaa kwenye kiti.

"Kwa hiyo unaacha kiti unakwenda kupiga magoti," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Mdogo wako ana cheti cha ukarani, ana miaka miwili anakitembeza mitaani kama kipeperushi. Hujamwona? Watu wanalilia hicho unachokitupa."

"Mama, siku hizi nikivua mkanda napaa."

"Najua unapaa. Si nimekusikia bafuni? Nani asiyechoka na kazi, mwanangu? Funga mkanda vizuri, uende kazini."

Kitinda alikuwa amekaa kwenye kizingiti. Baadaye, mama alipokwenda kwa jirani, aliuliza kamba ya kuanikia nguo ina urefu gani.

Meneja alipokea barua kwa adabu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na zaidi ya mkanda alivaa buti za chuma ambazo zilimfanya avute miguu kama mtu anayetembea ndani ya maji. Aliisoma, akaikunja, akaigonga muhuri.

"Una hakika? Mwakani nilitaka nikupendekeze mkanda wa pili. Na buti."

"Nina hakika, bosi."

"Mkanda utauacha langoni."

"Nitatembeaje mpaka nyumbani?"

Meneja alilifikiria swali hilo kwa uaminifu. "Hilo," alisema, "liko nje ya lango." Kisha akamtakia kila la heri, na Pandashuka alipofika mlangoni alimwita tena. "Hiyo kazi ya sakafu. Ni kweli inarudisha?"

"Kidogo kidogo."

Meneja akatazama buti zake kwa muda mrefu. "Haya," alisema. "Funga mlango."

Siku ya mwisho alijaza mkoba wake kokoto. Askari wa lango akaufungua.

"Hizi zina kibali cha kutoka?"

"Ni kokoto za njiani, kaka."

"Njia ipi? Ya ndani ama ya nje?"

Hakuweza kusema uongo. Askari akazimwaga kwenye ndoo, akamrudishia mkoba mtupu, akanyoosha mkono kuomba mkanda.

Kutoka kwenye meza ya askari mpaka mstari wa njano kulikuwa na hatua nne. Wageni hawakuruhusiwa kuuvuka mstari huo. Ng'ambo yake alisimama Kitinda, mwanamke mnene mwenye nguvu, kamba ameizungusha kiunoni mwake mara tatu. Nyuma yake Fundi Magoti alikuwa amekuja na toroli lenye nusu gunia la mchanga. Mama hakuja.

"Mdogo wangu asogee hatua mbili tu," Pandashuka alisema.

"Mstari ni mstari, dada. Sikuuchora mimi."

Alifungua mkanda. Alipokuwa anaulaza mezani alijisukuma kwa miguu yote miwili kuelekea mbele, maana alikuwa ameipigia hesabu hiyo usiku kucha: asipande, aende. Alikwenda vizuri kwa hatua mbili. Hatua ya tatu haikukuta ardhi. Alipanda, akanyoosha mikono, akashika mfereji wa bati wa kibanda cha askari, miguu ikatangulia juu na kichwa kikabaki chini. Bati lilimkata vidole. Alihisi damu ikitoka, na aliona kwamba nayo haikudondoka. Ilimpita usoni ikielekea juu, tone kwa tone.

"Usining'inie kwenye mfereji," askari alisema. Alikuwa bado anakagua mifuko ya mkanda, amefika wa saba.

Kitinda alirusha kamba. Haikufika. Alirusha tena, ikamwangusha askari kofia. Msumari wa kwanza wa mfereji ukachomoka, kisha wa pili, na bati likaanza kujikunja kama kifuniko cha kopo.

"Dada, nitazame mimi!" Kitinda alipaza sauti. "Usitazame huko! Nitazame mimi!"

Alimtazama. Kamba ikaja mara ya tatu, ikapita karibu na sikio lake. Aliachia mfereji kwa mkono mmoja, akaidaka, akaizungusha kwenye kiganja. Msumari wa mwisho ukatoka. Kwa kitambo hapakuwa na kitu kati yake na mawingu ila uzito wa mdogo wake.

Kitinda alirudi nyuma kinyumenyume, hatua baada ya hatua, akivuta mkono kwa mkono, mpaka Fundi Magoti akaweza kumdaka kwa kifundo cha mkono na kumkalisha kwenye toroli, gunia la mchanga mapajani. Wote watatu walikaa wakihema. Askari aliokota kofia yake, akaandika kitabuni kwamba mkanda umerudi kamili na mfereji umeharibika.

Walimsukuma kwa toroli mtaa mzima. Majirani waliwasalimu. Mmoja alishauri kwamba kamba ifungwe mguuni, si kiunoni, maana mumewe aliifunga kiunoni akapata maumivu ya mgongo.

Miezi ya kwanza Pandashuka alifanya kazi amefungwa kwenye nondo au kwenye dirisha, mchanga umejaa mifuko ya aproni. Sakafu haikujali. Alilainisha vyumba viwili vya darasa, baraza ya mjane mmoja, na ukumbi wa fundi cherehani aliyelia alipoiona sakafu yake, kwa sababu alikuwa ametambaa kwenye vumbi miaka yote akitafuta sindano. Magoti yalichubuka, yakapona, yakawa magumu. Mwezi wa pili aliondoa mchanga wa mfuko wa kushoto. Mwezi wa tatu kitanda kililia alipogeuka, naye akakaa kitako gizani akacheka. Mwezi wa nne alioga kwa mikono yote miwili.

Ilikuwa katika mwezi huo wa nne Kitinda alipomkuta akiosha miko uani, akamwambia kwamba amepata kazi.

"Wapi?"

"Kiti chako kilikuwa wazi."

Pandashuka aliendelea kuosha mwiko ambao tayari ulikuwa safi. "Ulikuwepo langoni," alisema.

"Nilikuwepo. Kamba niliishika mimi."

"Basi?"

"Basi nini, dada? Nina miaka thelathini na mmoja. Sijawahi kuulizwa unafanya kazi wapi nikawa na jibu." Aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa, ikapiga kelele chini yake. "Mimi ni mzito kuliko wewe. Nina uzito wa kupoteza. Nitakaa miaka mitano, sita, halafu nitatoka, na wewe utakuja na kamba."

"Njoo kwenye sakafu. Fundi atakupokea."

"Nilijaribu ile Jumapili, umesahau? Mkono wangu unakimbia."

Ilikuwa kweli, Fundi Magoti alimrudisha kabla ya saa sita. Kutoka ndani mama aliita kuuliza shati la Kitinda la kazini linahitaji kupigwa pasi upande gani kwanza. Sauti yake ilikuwa na furaha ambayo hawakuwa wameisikia kwa muda mrefu.

Kitinda alianza Jumatatu. Ghala lilikuwa limepanua kazi. Kulikuwa na mabamba mawili sasa, na karani mmoja aliyeyahudumia yote kwa zamu, Panda huku, Shuka kule, bila nafasi ya kuvuta pumzi katikati. Malori yaliongezeka. Kitinda alirudi jioni ameridhika, akasimulia dereva fulani mcheshi, akala, akalala. Usiku Pandashuka alikaa macho akimsikiliza. Wiki ya tatu yale maneno yalianza, na yalikuwa sita.

Mwaka mmoja baadaye Pandashuka alipewa kazi ya kwanza peke yake, bila Fundi Magoti kumsimamia: wodi mpya ya wazazi kwenye zahanati, chumba kirefu chenye madirisha manane. Alimaliza kupiga niru kabla ya saa saba mchana. Alikuwa amepiga magoti kwenye kona ya mwisho, uso umeelekea ukutani, akimalizia ukingo, aliposikia mlango.

"Dada, nimekuletea chakula. Nina dakika ishirini tu."

"Usiingie!" Pandashuka alisema bila kugeuka. "Sakafu bado mbichi. Zunguka nje, upitie dirishani."

"Mbona hukusema mapema," Kitinda alisema, na sauti yake ilikuwa karibu kabisa. "Nimeshafika."

Pandashuka akageuka. Mdogo wake alikuwa amesimama nyuma yake na bakuli mikononi, viatu vyake vya ofisi vikiwa juu ya niru. Kati yake na mlango kulikuwa na hatua kumi na tano za sakafu mbichi, na jua la mchana liliilalia yote; ilikuwa laini, bila alama hata moja ya kiatu.

"Nimeharibu?" Kitinda aliuliza.

"Hapana."

"Una hakika? Kama nimeharibu sema."

"Hujaharibu kitu." Akaupokea mkono wa mdogo wake, akaushika kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. "Mtunza stoo amekupa mkanda?"

"Imeisha. Wameagiza mingine. Anasema mwezi ujao, Mungu akipenda."

Walikula kwenye ukingo wa dirisha, Pandashuka akiwa amemshika mkono wakati wote, hata alipokuwa anatafuna. Kitinda alizungumza habari za bamba la tatu litakalojengwa. Kisha king'ora cha ghala kikalia mbali, akafuta midomo, akasema atachelewa, akaona njia ya mkato ni ileile aliyojia, akapita tena katikati ya chumba mpaka mlangoni. Dada yake alichukua mwiko, akamalizia kona. Hapakuwa na pengine pa kurekebisha.